Mwanasesere wa Malipenga: Kushona na Kusahihisha Mavazi ya Ngoma Darasani

Kila mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha huulizwa na mkufunzi wake: zana zako ziko wapi? Wengi huonyesha chati, kadi za maneno na vizibo vya chupa vya kuhesabia. Katika makala haya tunakusudia kueleza zana nyingine ambayo ni nadra kuonekana katika shule zetu za msingi, nayo ni mwanasesere aliyeshonwa kwa mkono na kuvikwa vazi la ngoma inayojulikana jukwaani. Tutaeleza jinsi ya kumpima, kumkatia na kumshonea. Zaidi ya hayo, tutaeleza jinsi ya kulisahihisha vazi lake, kwa kuwa hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosea, na kosa hilo lilitufundisha mengi kuliko ushonaji wenyewe.

Kosa letu

Wanachuo wetu walipangiwa mazoezi katika shule moja ya pwani ya ziwa, upande wa Matema. Katika azimio la kazi lao kulikuwa na mada ya ngoma za asili. Waliamua kushona wanasesere sita wa ngoma ya malipenga. Walifanya kazi kwa bidii: wakasuka sketi za majani makavu ya migomba, wakapaka vitambaa madoa ya chui, wakatunga shanga na kuzifunga vichwani na vifundoni. Sisi wakufunzi tulikagua andalio la somo, tukazisifu zana, tukaweka sahihi.

Siku ya somo, baada ya wanasesere kusimamishwa mezani, mtoto mmoja wa darasa la nne aliuliza kama babu yake naye alivaa majani, maana nyumbani husikia kuwa babu alikuwa mchezaji. Darasa zima likacheka. Mtoto akainama, wala hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Babu huyo alikuwa jirani wa shule. Tulimwendea jioni tukiwa na mwanasesere mmoja mkononi, tukaamkiana, kisha tukamwomba atutazamie kazi yetu. Alimgeuza mwanasesere mbele na nyuma, akauliza, "Huyu ni nani?" Tukajibu, "Ni mchezaji wa malipenga, babu." Alinyamaza kidogo, akasema, "Wanangu, huyu hakupiga pasi."

Kisha akatueleza. Yeye aliicheza ngoma hiyo katika miaka ya 1960, huku na ng'ambo ya mto Songwe. Walivaa kaptura nyeupe zilizotiwa wanga, mashati meupe na soksi ndefu zilizokunjwa chini ya goti. Mchezaji mwenye kaptura iliyokunjamana alitolewa mstarini. Pasi ya mkaa ilizunguka nyumba hadi nyumba usiku wa kuamkia mashindano. Hakuna aliyevaa jani.

Kwa nini tulikosea

Yafaa mwanachuo ajue chanzo cha kosa hili, kwa sababu linaweza kumpata mwalimu yeyote mwenye nia njema.

Malipenga, ambayo mahali pengine kandokando ya ziwa huitwa mganda, ni ngoma yenye undugu na beni. Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikiiga bendi na gwaride. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza mbali bara. Vita hivyo vilifika mlangoni mwetu, kwani Septemba 1914 palipiganwa Karonga, mwendo mfupi tu kutoka Songwe. Baada ya vita, vijana wa kaskazini mwa ziwa waliligeuza gwaride kuwa ngoma yao. Badala ya tarumbeta za shaba walitengeneza malipenga ya vibuyu, yenye tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mchezaji halipulizi lipenga kama filimbi, bali huimba ndani yake, na utando huo huitikisa sauti ikavuma. Makundi yaliitwa boma, na viongozi wake walipewa vyeo kama vya jeshini. Mwanahistoria Terence Ranger aliieleza habari ya beni na jamaa zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Kwa hiyo vazi jeupe la malipenga lina historia yake. Vijana ambao watawala waliwaona kuwa wabeba mizigo tu walichagua kuvaa usafi na nidhamu, wakaionyesha mbele ya vijiji vyao. Kumvika mchezaji huyo majani ni kuifuta historia hiyo.

Wanachuo wetu waliyatoa wapi majani? Waliyatoa jukwaani. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, na baadaye Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, ngoma za wilaya mbalimbali zimekuwa zikichezwa pamoja mbele ya hadhira moja. Jukwaa lina mahitaji yake: vazi lazima lionekane kutoka mbali, na kundi lazima litambulikane mara moja. Hatuyalaumu mavazi ya jukwaani. Lakini pale kila kundi linapovishwa majani, shanga na madoa ya chui, mtazamaji huondoka akidhani kuwa mababu wote walivaa hivyo. Mwalimu asiyeuliza huupeleka uongo huo darasani.

Faida za mwanasesere

Huenda mwanachuo akauliza: kwa nini tusitumie picha tu? Picha huonyesha upande mmoja. Mwanasesere hugeuzwa, hupimwa, huvuliwa na kuvikwa, na mtoto anayemshonea hulazimika kujua kila kipande cha vazi kinaanzia wapi na kuishia wapi. Anayechora anaweza kuficha asichokijua nyuma ya mkono wa mchoro. Anayeshona hana pa kukificha.

Zaidi ya hayo, vazi dogo hutumia kitambaa kidogo. Hata mataifa yenye viwanda yaliutumia ujanja huu. Mwaka 1945, Ufaransa ilipokuwa ikitoka vitani na vitambaa vikiwa adimu, mafundi mashuhuri wa Paris walishona mavazi yao juu ya sanamu za waya zenye urefu wa sentimita 70 hivi, wakazipanga katika majukwaa madogo. Maonyesho hayo, yaliyoitwa Théâtre de la Mode, yalipelekwa hadi Marekani mwaka 1946. Mishono ilikuwa kamili, hata vifungo vilifungika. Mafundi hao walidharau uchache wa kitambaa, wala hawakuudharau udogo wa vazi.

Vipimo

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Tunapendekeza mwanasesere wa sentimita 28. Mtu mzima wa sentimita 168 akigawanywa kwa 6 hupatikana 28. Kwa hiyo kila kipimo cha mtu hugawanywa kwa 6. Kazi hii ni somo kamili la hisabati, nalo lifanywe ubaoni kabla ya mkasi kushikwa. Wanafunzi wampime mtu mmoja kwa futikamba, kisha wagawanye. Mfano:

Kiuno: 78, kwa mwanasesere 13.
Nyonga: 96, kwa mwanasesere 16.
Urefu wa kaptura: 48, kwa mwanasesere 8.
Mkono: 60, kwa mwanasesere 10.
Soksi hadi chini ya goti: 42, kwa mwanasesere 7.

Hapa pana jambo ambalo wanachuo wengi hulisahau. Mwili unaweza kugawanywa kwa 6, lakini unene wa kitambaa haugawanyiki. Kitambaa cha kaki kinachomkaa mtu vizuri humkaa mwanasesere kama ubao. Kwa sababu hiyo hapana budi kuchagua kitambaa chepesi, kama vile shati kuukuu lililofuliwa mara nyingi, na kuongeza nafasi kidogo katika kila kipimo. Kadhalika michoro ya kitambaa: kiraka chenye mirabaraba ya sentimita 3 huonekana kwa mwanasesere kama mirabaraba ya sentimita 18 kwa mtu. Mishono nayo ni hivyo hivyo. Mshono wa milimita 2 kwa mwanasesere ni kama mshono wa milimita 12 kwenye vazi la mtu. Kwa hiyo uzi uwe mmoja, usikunjwe mara mbili, nao uwe na rangi ya kitambaa.

Vifaa

Vifaa vyote hupatikana katika mazingira yetu. Mwili ushonwe kwa kitambaa kigumu kiasi, vipande viwili, na uachwe wazi sentimita 4 ubavuni kwa ajili ya kujazia. Ndani ya miguu na mgongo upitishwe ufito wa mwanzi uliochongwa laini. Miguu na kiuno vijazwe pumba za mpunga, ambazo Kyela hazinunuliwi, ili mwanasesere awe mzito chini na asimame. Kifua na kichwa vijazwe mabaki ya vitambaa au sufi, ambayo ni mepesi. Pumba zianikwe juani siku mbili na kupepetwa kwanza, la sivyo zitaota ukungu wakati wa masika na kuwaalika panya. Kitambaa chenye nyuzi zilizoachana hakifai, kwa kuwa pumba hupenya.

Lipenga dogo lifinyangwe kwa udongo. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wanasifika kwa vyungu vyao, na shule iliyo jirani nao isione haya kuomba bonge la udongo na ushauri. Malipenga yana ukubwa mbalimbali. Lile la sentimita 24 litakuwa la sentimita 4.

Kushona kaptura

Tunaeleza kaptura kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyowashinda wanachuo wetu mara mbili. Mara ya kwanza waligawanya vipimo kwa 6 na kukata bila nyongeza yoyote. Kaptura haikupita nyongani. Mara ya pili waliongeza sentimita 6; mwanasesere akaonekana kama aliyevaa gunia. Mara ya tatu walifuata utaratibu huu:

1. Kata kiolezo cha karatasi chenye upana wa sentimita 12 na urefu wa sentimita 10.5. Katika urefu huo, sentimita 8 ni za kaptura yenyewe, 1 ya kukunja kiunoni na 1.5 ya upindo.

2. Kila upande, kuanzia juu, punguza sentimita 1 hadi ufikie sentimita 6 kwenda chini, na mwisho wa mkato uwe wa mviringo. Hapo juu utabakiwa na upana wa sentimita 10.

3. Kata vipande viwili vya kitambaa kwa kiolezo hicho. Kila kipande ni mguu mmoja, mbele na nyuma pamoja.

4. Unganisha vipande kwa mshono wa mbele, ukiacha nusu sentimita ukingoni. Piga bandi kwanza, kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma. Chanja ukingo wa mviringo mahali pawili au patatu bila kuufikia uzi, ili mshono usivute.

5. Kitambaa kikiwa bado kimelala bapa, shona upindo wa miguu, kunja kiuno, na weka marinda mawili ya sentimita 2 mbele.

6. Mwisho, funga mshono wa nyuma, kisha mshono wa ndani ya miguu. Pindua kwa kijiti butu.

Hatua ya tano ndiyo siri ya kazi yote. Fundi wa nguo za watu hushona upindo mwishoni, lakini ni vigumu mtoto kushona ndani ya mguu wa kaptura wenye mzunguko wa sentimita 11. Kila kinachowezekana kishonwe kabla ya vazi kuwa bomba. Mwanachuo ahakikishe pia hesabu: vipande viwili vya sentimita 10 ni 20, ondoa 2 za mishono, zinabaki 18, nyonga ni 16, basi nafasi ya kuzidi ni 2. Marinda mawili huondoa 4, na kiuno kinabaki 14 kwa mwili wa 13.

Shati hufuata kanuni hiyo hiyo: mikono na ukosi vitangulie, mbavu zifungwe mwisho. Kifungo cha kweli hakitafaa. Fundo la uzi latosha. Soksi zikatwe kutoka kwenye fulana kuukuu, kwani kitambaa chake huvutika na kuushika mguu.

Vazi likikamilika, lichovye katika uji mwepesi wa muhogo, linyooshe kwa vidole juu ya ubao, lianike, kisha lipige pasi likiwa na unyevu kidogo. Pasi na ishikwe na mwalimu.

Kusahihisha

Tulirudi kwa babu tukiwa na mwanasesere mpya. Alimtazama kwa muda, akacheka, akasema, "Sasa huyu namfahamu." Lakini hakuishia hapo. Alionyesha kwamba soksi hazikukunjwa juu, na kwamba boma lake lilikuwa na leso iliyochomoza katika mfuko wa shati, nasi hatukuweka mfuko wala leso. Wanachuo waliandika, wakarekebisha. Mwanasesere wa tatu ndiye aliyeingia darasani.

Tunapendekeza kila mwanachuo afuate utaratibu huo wa hatua tatu. Kwanza, vazi la majaribio lishonwe kwa kitambaa kibovu, kwa kutumia yale ambayo darasa linadhani kuwa linayajua. Pili, vazi hilo lipelekwe kwa mtu aliyelivaa au aliyeliona, naye aulizwe maswali ya wazi: hiki kilikuwa wapi, kilifungwaje, nani hakuruhusiwa kukivaa? Asiulizwe, "Ni sahihi?" kwa kuwa wazee wetu wana adabu, nao huenda wakakubali ili wasituvunje moyo. Tatu, vazi lirekebishwe, na kila badiliko liandikwe katika daftari pamoja na sababu yake. Wazee wawili wakitofautiana, yote mawili yaandikwe. Yawezekana maboma yao yalitofautiana pia.

Chini ya kila mwanasesere pawekwe kadi yenye jina la ngoma, mahali, miaka inayohusika, na jina la msimulizi endapo ameridhia. Kama vazi ni la jukwaani na si la uwanjani, kadi iseme hivyo wazi.

Utaratibu huu haukomei kwenye malipenga. Wanyakyusa wana ing'oma yao, na wanachuo watakaopangiwa Ipinda au Kyela mjini wanaweza kuitafiti vivyo hivyo. Walio mbali wanazo ngoma zinazojulikana nchi nzima: bugobogobo ya Wasukuma pamoja na majembe yake, au msewe wa Pemba pamoja na njuga za miguuni zilizoipa jina. Kila moja ina jambo ambalo jukwaa hulionyesha, na jingine ambalo mzee peke yake hulikumbuka.

Maangalizo

Darasa kubwa ligawanywe katika makundi ya watoto watano au sita, kila kundi na mwanasesere mmoja: wawili wapime, mmoja akate, wengine washone, kisha wabadilishane. Sindano zihesabiwe mwanzo na mwisho wa kipindi, na hesabu iandikwe ubaoni. Wavulana washone sawasawa na wasichana. Atakayenung'unika aelekezwe kwenye baraza za maduka ya Kyela, akawatazame mafundi cherehani walio wanaume wakishona tangu asubuhi. Kazi yote isipungue vipindi sita: viwili vya vipimo, vitatu vya kushona, na kimoja cha mgeni kuja kusahihisha.

Katika kutoa alama, mwalimu asiangalie unadhifu wa mshono peke yake. Mtoto aliyeshona vibaya lakini akagundua kwa kuuliza kwamba soksi hukunjwa, amejifunza jambo ambalo mshono mzuri haukumfundisha mwenzake.

Hitimisho

Somo lile lilirudiwa wiki iliyofuata. Babu alialikwa, akaja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alieleza, akaimba ndani ya lipenga la kweli, na watoto wakaona jinsi utando unavyovuma. Mjukuu wake ndiye aliyemshika mwanasesere mbele ya darasa, akaonyesha mahali pa leso. Watoto walimshukuru mgeni kwa pamoja, "Ndaga fijo, tata," naye akaketi.

Wale wanasesere sita wa majani hatukuwatupa. Wamo katika kabati la zana chuoni, na kila mwaka tunawaonyesha wanachuo wapya kabla hawajaenda mazoezini, pamoja na lile andalio la somo lenye sahihi yetu.